Kusini kwa gari dogo: kutoka misikiti ya Kilwa hadi fuvu la Kalenga

Njia kwanza, kwa wenye haraka: Dar es Salaam, Kilwa Masoko, Lindi, Mtwara, Ndanda, Masasi, Tunduru, Songea, Peramiho, Njombe, Iringa, kisha kurudi Dar kwa Mikumi. Ni duara kamili, na siku hizi barabara kuu yote ni lami. Tulikwenda mwezi wa nane, mvua zimeshasahaulika na nyasi zimekauka, watu watatu ndani ya RAV4 kuukuu: mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye tulipokezana usukani, na mjomba wetu, mwalimu mstaafu wa historia. Safari hasa ilikuwa ya mjomba. Sisi tulikuwa madereva wake.

Mjomba ni mtu wa daftari. Aliligawa safu mbili, moja ameandika "Historia", nyingine "Ibada", na kila kituo akakiweka upande wake. Yeye ni Muislamu. Sisi tulifuata dini ya baba, Wakatoliki, na kwetu hilo halijawahi kuwa neno. Sharti lake lilikuwa Ijumaa imkute karibu na msikiti, la kwetu Jumapili itukute karibu na kanisa. Masharti hayo ndiyo yaliyoipanga safari kuliko ramani, na ukitaka kuiga njia hii nakushauri uanzie hapo hapo. Panga siku za ibada kwanza, kisha uangalie kilomita zinaangukia wapi. Kanisa au msikiti wa zamani ukiufikia Jumanne saa nane mchana utakuta kufuli. Ukiufikia siku yake utakuta wenyeji, na wenyeji ndio wenye habari.

Alhamisi: Dar hadi Kilwa Masoko

Tuliamka usiku ili tuivuke Mbagala kabla haijaamka. Mpaka Kibiti hakuna la kusimulia zaidi ya tochi za trafiki. Vijijini mwendo ni 50, na kusini vijiji vinafuatana, kwa hiyo ukiona kibao cha 50 punguza kweli, usijidanganye kwamba barabara ni tupu. Mbele yetu Noah moja ilipigwa mkono, faini elfu thelathini, na dereva wake tulimpita akiwa bado anajitetea.

Kwenye Daraja la Mkapa mjomba alitaka tusimame. Hairuhusiwi kuegesha darajani, tukasimama ng'ambo. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na mjomba, aliyefundisha Lindi ujanani, alitusimulia jinsi masika yalivyokuwa yakiwalaza abiria kando ya mto wakisubiri maji yatulie. "Nyie mnavuka kwa dakika moja halafu mnalalamika joto," akasema.

Baada ya hapo unaingia nchi ya Maji Maji bila kibao chochote cha kukuambia. Mohoro, ambako magari yanapita bila kupunguza mwendo, ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa yale maji ya dawa, Agosti 1905. Mkono wa kulia ni upande wa Milima ya Matumbi, ambako mwezi mmoja kabla watu walianza kung'oa pamba ya kulazimishwa, na vita ikasambaa kusini nzima hadi Ungoni. Mjomba alifungua daftari na kuandika Mohoro kwenye safu ya Historia. Kumbukeni safu hizo, zitakuja kumsumbua.

Somanga tulikula samaki wa kukaanga kando ya barabara, elfu tano kipande kikubwa na ndimu juu. Ni hapa hapa barabara ilikatika Mei 2024 baada ya mvua za Kimbunga Hidaya, mabasi ya Lindi na Mtwara yakakwama. Sasa panapitika vizuri, ila mwezi wa tatu hadi wa tano ulizia hali kwanza kabla hujaondoka Dar. Hakuna njia fupi ya kuzunguka.

Kabla ya kufika Kilwa Masoko tulichepuka Kilwa Kivinje, karibu tu na barabara kuu. Mji umechoka kwa namna inayouma: boma la Wajerumani linaitazama bahari, nyumba za mawe zimeota miti ukutani, milango ya kuchonga mingine imebaki fremu. Hapa Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji, na mahali hapo panaitwa Mwembe Kinyonga mpaka leo. Tuliulizia kwa kina mama waliokuwa wakianika dagaa. Mmoja akaacha kazi yake, akajifunga khanga vizuri, akatupeleka mwenyewe. Hakutaka hela. Alitaka mjomba amwambie kama ni kweli mtoto wake anayesoma kidato cha tatu ataulizwa habari za Makunganya kwenye mtihani. Mjomba akakaa naye barazani robo saa nzima akimweleza cha kumwambia mtoto.

Tulilala Kilwa Masoko, gesti safi yenye feni na neti, elfu thelathini chumba.

Ijumaa: Kilwa Kisiwani

Huwezi kupanda chombo tu ukaenda. Unaanzia ofisi ya kibali Masoko, unalipa kiingilio (mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, beba kitambulisho) na unapewa mwongozaji. Tuliwahi saa moja na nusu asubuhi, na tulimwambia mwongozaji tangu mwanzo kwamba saa sita tunataka tuwe tumerudi kwa ajili ya Ijumaa. Akaelewa bila maelezo mengi, yeye mwenyewe alikuwa na nia hiyo hiyo. Mashua ya kwenda na kurudi tulikubaliana elfu thelathini kwa wote. Upepo ulikuwa mzuri, tanga likajaa, na muda si mrefu tukawa chini ya kuta za Gereza, ngome ya zamani ya kisiwa.

Kama unakuja kuangalia kitu kimoja tu kusini nzima, angalia Msikiti Mkuu wa Kilwa. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 hadi ya 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipitia hapa. Unaingia chini ya kuba, nguzo za pembe nane zinapokezana kivuli, na kwa kuwa paa limeanguka mahali kwingi, jua linaingia vipande vipande hadi sakafuni. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyo, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib kwa jinsi alivyokuwa akigawa.

Lakini kilichotushika si kuba. Ni sehemu ya kutawadhia. Mwongozaji alituonyesha mawe ya mviringo yaliyowekwa chini, ya kusugulia nyayo kabla ya kuingia. Mjomba akavua kiatu, akachutama taratibu kwa sababu ya magoti yake, akakiweka kiganja cha mkono juu ya jiwe moja. Jiwe limelainika katikati. Alikaa hapo mpaka mdogo wangu akaanza kumwita, nikamkanyaga mguu anyamaze.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, kwenye mwamba juu ya bahari, mwendo wa miguu kwenye mchanga na jua. Ni kasri la sultani huyo huyo, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane. Wenye wazee wapange nguvu: ama mwende Husuni kwanza kukiwa bado kuna ubaridi, ama mzee abaki kivulini pale msikitini. Beba maji. Kisiwani wanaishi watu, kuna nyumba na mashamba, usipige picha watu bila kuomba.

Kwa wanawake: mtandio mkubwa na gauni refu hufanya kazi kote, kuanzia magofu haya mpaka misikiti inayosaliwa, na hata kwenye abasia, yaani monasteri za Wakatoliki, hakuna atakayekutazama mara mbili. Mimi nilibeba khanga ya ziada kwenye mkoba na niliitumia kila siku kwa jambo fulani.

Tulirudi Masoko saa sita na dakika kadhaa. Mjomba akaenda msikitini na yule mwongozaji, sisi tukaenda kutafuta wali wa nazi na pweza. Aliporudi alikuwa amealikwa chakula na watu asiowajua, ameshakula, na ameshajua nani anauza korosho nzuri Lindi.

Songo Mnara tuliiacha. Ni mbali zaidi kwa chombo na inategemea maji kujaa na kupwa, kwa hiyo inahitaji siku yake. UNESCO imeiorodhesha pamoja na Kilwa Kisiwani tangu 1981, na mwenye nafasi asiikose.

Jumamosi: Lindi, Mikindani, Mtwara

Barabara nzuri, mikorosho pande zote mbili, magari machache. Lindi tulisimama kwa chai na korosho (elfu kumi na nane kilo, zilizobanguliwa, Dar ungelia), tukaiona bahari kutoka juu ya kilima, tukasonga. Mingoyo ndipo njia inapogawanyika: kushoto Mtwara, kulia Masasi. Wengi wanaokwenda Songea wanakata kulia na kuiruka Mtwara. Msiiruke, kwa sababu ya Mikindani.

Mikindani ni mji mdogo umekaa kwenye mkono wa bahari uliotulia kabisa. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa, jeupe, liko juu kidogo ya mji, na unaweza kupanda mnarani kuuona mji wote. Chini yake kuna mitaa ya nyumba za matumbawe zenye roshani za mbao. Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, aliondokea hapa mwaka 1866 kuingia bara kwa mara ya mwisho, na hakurudi pwani akiwa hai. Kabla yake na baada yake njia hiyo hiyo ilileta watumwa kutoka upande wa Nyasa. Mjomba akalisimamisha daftari hewani. "Sasa Livingstone huyu ni Historia au Ibada?" Mdogo wangu akamwambia amweke katikati ya mstari.

Mtwara mjini tulifika jioni. Bandari yake ya kina kirefu ni mtoto wa mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa mwaka 1951: karanga hazikuota, bandari ikabaki. Chakula cha jioni sokoni, ming'oko ya kuchemsha na samaki. Ming'oko ni mizizi ya porini, midogo na myembamba, unaimenya kwa vidole. Kwa mtu wa mara ya kwanza ni kazi zaidi kuliko chakula, lakini muuzaji alinimenyea ya kwangu yote huku akinicheka.

Jumapili: Mtwara hadi Ndanda

Misa ya kwanza kanisa la Mtakatifu Paulo. Fika mapema upate nafasi ya mbele, kwa sababu kuta za kanisa hili zimejaa picha za Biblia kutoka chini mpaka juu, rangi kali kabisa, kazi ya mtawa Mbenediktini Mjerumani, Polycarp Uehlein, aliyepamba makanisa kadhaa ya kusini. Ukikaa nyuma utaona vichwa vya watu. Baada ya misa mhudumu mmoja wa kanisa alitubakizia mlango wazi, akazima feni, akatuacha tutazame kwa utulivu. Mjomba alikuwa amekuja naye, kakaa benchi la mwisho na kofia yake mkononi. Alimtambua Nabii Musa kabla yetu.

Kutoka hapo tulirudi Mingoyo na kushika njia ya Masasi. Upande wa kushoto ukingo wa uwanda wa Makonde unakufuata, ukuta wa kijani. Ni kipande kizuri kuliko vyote vya mkoa huu, kipitie mchana.

Nyangao ndipo daftari la mjomba lilipoharibika rasmi. Aliiandika kwenye Ibada, kwa kuwa ni misheni na hospitali. Lakini misheni hii ilichomwa mwaka 1905 wakati wa Maji Maji, na mtawa mmoja aliuawa. Askofu Cassian Spiss naye aliuawa na wapiganaji Agosti mwaka huo huo akiwa safarini upande wa Liwale. Wamisionari walipojipanga upya, mwaka 1906, walianzisha kituo kipya Ndanda. Yaani abasia tuliyokuwa tunaiendea kulala imezaliwa na vita ile ile iliyoanzia kwenye pamba ya Matumbi. Mjomba alichora mstari juu ya ule mstari wake wa katikati. Kuanzia hapo aliandika ukurasa mzima bila safu.

Ndanda tulipiga simu siku kadhaa kabla kuomba vyumba vya wageni. Fanya hivyo, usiende kubahatisha. Chumba ni cha kawaida sana, kitanda, meza na msalaba, kimya kabisa, na chakula ni cha pamoja na saa yake haisubiri mtu. Maji ya chemchemi yanashuka kutoka mlimani. Jioni tulihudhuria Masifu ya watawa, wazee wachache wenye mvi na vijana wengi, zaburi zikiimbwa kwa Kiswahili upande huu na kujibiwa upande ule. Mjomba alisali Magharibi chumbani, akaja akasimama nje dirishani kusikiliza.

Jumatatu: Masasi na pancha ya Tunduru

Masasi iko kati ya majabali makubwa ya mawe yaliyochomoza peke yake ardhini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Kianglikana, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamdai shukrani kwa kamusi na tafsiri zake, alileta hapa watumwa waliokombolewa na wakaanzisha makazi. Walikuwa wanaelekea Nyasa. Waliipenda ardhi wakabaki. Kanisa kuu liko Mtandi, chini ya jabali. Mlezi wa kanisa alituonyesha na kututajia maaskofu kama mtu anayetaja babu zake, hasa Vincent Lucas, aliyejaribu kuuingiza jando ndani ya Ukristo badala ya kuupiga marufuku, na Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu hapa kuanzia 1960 hadi 1968 baada ya kupigana na ubaguzi Afrika Kusini. Tuliweka sadaka kwenye kikapu. Ndiyo namna nzuri ya kushukuru sehemu kama hizi, maana wengine hukataa katakata ukiwapa mkononi.

Lupaso, alikozaliwa na kuzikwa Rais Mkapa, tuliikosa kwa muda. Inahitaji nusu siku ya kuchepuka.

Jaza mafuta Masasi. Jaza kabisa, hata kama tenki liko nusu. Kutoka Mangaka hadi Tunduru ni pori na vijiji vya mbali mbali, na mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Ni mapitio ya tembo kati ya hifadhi za kwetu na za Msumbiji, kwa hiyo usiku usipite.

Pancha ilitukuta kipande hicho, saa tisa alasiri. Tairi la akiba tulikuwa nalo, lakini nati moja iligoma kabisa, na spana yetu ikaanza kuteleza. Tulisimama kama nusu saa. Lori moja lilipunguza mwendo, likaendelea. Kisha akaja kijana wa bodaboda amebeba gunia la mkaa. Akashusha gunia, akaangalia, akasema "msihangaike", akaondoka. Tukadhani ndiyo basi. Akarudi na fundi amempakia nyuma, na bomba refu la chuma la kuongezea spana. Fundi alipanda juu ya bomba akaruka mara moja tu, nati ikaachia. Nilimpa fundi elfu kumi. Kijana akakataa hela, mjomba akamlazimisha achukue ya mafuta, akachukua elfu mbili, akarudisha gunia lake kwenye pikipiki. Mkaa wake alikuwa ameuacha barabarani muda wote na sisi wageni.

Tunduru tulifika taa zimeshawashwa. Wali maharage, kulala.

Jumanne: Songea

Asubuhi nzima ya kupanda taratibu, hewa ikipoa kila saa. Namtumbo tulikunywa chai. Songea mchana.

Makumbusho ya Majimaji yako mjini, eneo la Mahenge. Nenda na muda, si dakika ishirini za picha. Wanakumbukwa hapa mashujaa 67 wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani. Siku ya unyongaji mkubwa ilikuwa 27 Februari 1906, na kila mwaka tarehe hiyo mji unajaa watu kwa kumbukumbu. Wengi wamelala kaburi la pamoja. Nduna (kiongozi wa Wangoni) Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na kaburi lake liko peke yake. Kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani na ukoo bado unakitafuta. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka hapa, akakutana na wajukuu na akaomba msamaha.

Mhifadhi aliyetutembeza alieleza pia kwamba baadhi ya wale mashujaa walibatizwa na padri kabla ya kupelekwa kwenye kamba. Mjomba akamuuliza, kwa sauti ya mwalimu darasani, kama walitaka wenyewe. Mhifadhi akajibu: "Mzee, hilo kila familia ina jibu lake." Nililiona jibu hilo ni la haki kuliko kibao chochote kilichobandikwa ukutani.

Kiingilio cha wananchi ni kidogo, na mwongozaji umpe chochote. Jioni baridi ilitushtua watu wa pwani. Tukanunua masweta ya mtumba sokoni, elfu tano, elfu sita.

Jumatano: Peramiho, Lukumburu, Njombe

Peramiho ni mwendo mfupi magharibi ya Songea. Wabenediktini walifika 1898, wakachomewa 1905, wakajenga tena, na walichojenga ni mji: kanisa kubwa la abasia, hospitali, shule, karakana, mitambo ya uchapaji. Nusu ya misale na vitabu vya nyimbo tulivyokua navyo nyumbani viliandikwa ukurasa wa pili kwamba vimetoka Peramiho au Ndanda, na hapo ndipo nilipopaona. Kanisa lilikuwa wazi. Bibi mmoja alikuwa akipangusa mabenchi, moja moja, kwa kitambaa chenye maji, anahesabu kwa sauti ya chini. Alituruhusu tupite, ila tusikanyage alikokwisha piga deki.

Ukiwa na siku ya ziada, ongeza Hanga, abasia ya Wabenediktini Waafrika iliyoanzishwa 1957. Ila iweke siku unayotoka Tunduru, iko upande huo.

Songea hadi Njombe ndiyo barabara ya kupigia picha. Baada ya Madaba unaingia Mlima Lukumburu, kona juu ya kona, bonde upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili, malori yanapanda kwa gia ya kwanza. Sisi tulikaa nyuma ya lori la mahindi muda mrefu. Usijaribu kulipita kwenye kona, honi haitakusaidia. Mdogo wangu alitulia, akafungua dirisha, akala mahindi ya kuchoma tuliyonunua Madaba. Njombe tuliingia na ukungu. Elfu arobaini chumba chenye maji ya moto, na hiyo elfu kumi ya ziada ilikuwa halali yake. Chips za viazi vya Njombe ni habari nyingine, sitazielezea.

Alhamisi: Kalenga

Njombe, Makambako, Mafinga: misitu ya misonobari, malori ya mbao, mwendo wa 50 tena. Kabla ya kuingia Iringa mjini tukapitia Kalenga.

Makumbusho ni madogo, chumba unachokimaliza haraka kama hujui ulichokuja kuona. Ndani ya kabati la kioo liko fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe. Wahehe walilipiga jeshi la Wajerumani la von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894. Mkwawa akapigana porini mpaka alipojipiga risasi Julai 1898 asikamatwe. Fuvu lake lilichukuliwa Ujerumani, likatajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na bado lilichelewa mpaka 1954, Gavana Mwingereza Twining alipolileta kutoka Bremen na kulikabidhi kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Mjomba alikuwa ametoka Songea siku mbili tu, kwa nduna ambaye kichwa chake hakijarudi. Alisimama mbele ya kabati, akasoma Fatiha kimya kimya viganja wazi. Mtunza makumbusho akavua kofia. Hakuna aliyesema neno mpaka tukatoka nje, na nje mjomba alichouliza ni wapi panauzwa ndizi.

Usiende Kalenga umechelewa. Ulizia saa za kufunga kabla. Na usafiri wa umma upo, daladala za kutoka Iringa mjini.

Ijumaa: kurudi

Tulitoka alfajiri ili Ijumaa ya mjomba imkute Morogoro. Lugalo tuliona mnara kando ya barabara kwa taa za gari. Ilula nyanya na vitunguu, ndoo kwa bei ya kuonewa huruma. Mlima Kitonga kushuka kwa gia, si kwa breki. Mibuyu ya bonde la Ruaha. Mikumi twiga wawili na kibao cha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Morogoro saa sita na nusu. Baada ya hapo ni barabara mnayoijua.

Hesabu, kwa kuwa ndiyo mtakayouliza: mafuta yalikula kama laki sita. Malazi, vyumba viwili kila usiku, yalikaribia laki tano na nusu. Chakula tulikuwa tukila pa kawaida, elfu tano hadi elfu nane sahani. Viingilio, mashua, waongozaji na sadaka vyote pamoja havikufika laki mbili. Bebeni noti ndogo ndogo za elfu moja na elfu mbili tangu Dar, maana Kisiwani na njia ya Tunduru chenji ni tatizo kuliko hela yenyewe. Wakala wa simu wapo kila mji nilioutaja. Na Ndanda pigeni simu mapema, hasa Juni na Julai, shule zikifungwa vyumba hujaa.